Uzi: Mkate usiuweke kwenye friji. Namna ya kuuhifadhi nyumbani kwa hali ya hewa ya Dodoma

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Tulihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2019, kama zilivyofanya familia nyingi za watumishi, na tukaja na mazoea yetu yote ya jikoni. Kule Dar mkate ukilala mezani siku mbili tatu unaota ukungu, kwa hiyo kwetu ilikuwa sheria kwamba mkate ukishafunguliwa unaingia kwenye friji. Hapa Dodoma, mtaani kwetu Kisasa, tukaendelea hivyo hivyo. Ukungu kweli hatukuuona, lakini kila asubuhi slesi zilitoka kwenye friji zimekakamaa, ukipaka siagi zinapukutika, na watoto wanakula katikati na kuacha kingo kwenye sahani. Nilimlaumu mwokaji. Nikabadilisha duka, nikabadilisha aina ya mkate mara tatu, na kila mkate ukawa na tabia ile ile.

Jibu nililipata kwa bahati. Mwezi wa saba mwaka huu tulinunua mikate miwili ya slesi siku moja, mmoja ukaingia kwenye friji kama kawaida, na mwingine ukasahaulika ndani ya deli la plastiki juu ya kabati la vyombo. Siku ya tatu nikaikuta yote miwili. Nilitoa slesi ya katikati kutoka kila mkate, nikaziweka mezani zipate joto sawa kwa muda wa nusu saa, kisha nikazibonyeza kwa kidole gumba. Ile ya kwenye deli ilibonyea na kurudi taratibu. Ile ya kwenye friji ilipasuka. Mikate ilikuwa ya kiwanda kimoja, imenunuliwa saa moja, tena ule wa kwenye friji ulikuwa umefungwa vizuri zaidi.

Tangu hapo nimesoma na kujaribu mambo kadhaa, na ninayaleta hapa kwa sababu ushauri mwingi tunaopeana kuhusu mkate unatoka sehemu zenye hewa tofauti na ya kwetu.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kukauka na kukakamaa ni vitu viwili tofauti, ingawa vyote tunaviita "mkate umekuwa mgumu". Kukauka ni mkate kupoteza maji yake hewani. Kukakamaa ni badiliko la wanga ndani ya mkate wenyewe, na hutokea hata kama hakuna tone la maji lililopotea. Mwanakemia wa Ufaransa, Jean-Baptiste Boussingault, alilionyesha hilo mwaka 1852: mkate uliofungiwa kabisa usipitishe hewa ulikakamaa vilevile, na ulipopashwa joto la nyuzijoto 60 hivi ulilainika tena. Unga unapookwa, chembe za wanga hunywa maji, huvimba na kulainika. Mkate unapopoa, wanga ule huanza kujipanga upya polepole na kurudia ugumu wake. Anayekula ugali analijua hili bila kufundishwa. Ugali wa jana unakatika kama sabuni hata kama sufuria ilifunikwa usiku kucha, na ukipashwa moto unalegea. Kiporo cha wali ni hivyo hivyo.

Sasa, kasi ya wanga kujipanga inategemea joto, nayo ni kubwa zaidi katika ubaridi ulio juu kidogo ya kuganda. Friji ya nyumbani hukaa kwenye nyuzijoto 4 hivi, yaani pale pale mkate unapokakamaa haraka kuliko mahali pengine popote ndani ya nyumba. Kwenye friza, kwa nyuzijoto 18 chini ya sifuri, badiliko hilo karibu linasimama. Ndiyo maana friza na friji, ambazo kwa wengi wetu ni kasha moja lenye milango miwili, kwa mkate ni vitu vinavyopingana.

Halafu kuna hewa yetu. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katika ukanda mkavu wa katikati ya nchi, na mvua zake huja kwa msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili mwanzoni. Miezi mingine ni ukame, na kuanzia Juni hadi Agosti huongezeka upepo ule unaopasua midomo na kukausha nguo kabla hujamaliza kufua nyingine. Hewa inayokausha shuka nzito kwa saa moja haiwezi kuuacha mkate salama. Slesi iliyosahaulika kwenye sahani baada ya chakula cha jioni, asubuhi inakunjama kingo kama jani. Kwa hiyo wakati wa kiangazi adui wa mkate Dodoma ni ukavu, na ukungu unakuja kwa mbali sana. Mvua zikianza kunyesha mambo yanageuka, na kati ya Januari na Machi unaweza kuona madoa ya kijani siku ya nne kama vile hujatoka Dar.

Utaratibu ninaoufuata sasa ni huu. Mkate wa slesi ninauacha ndani ya mfuko wake laini wa kiwandani, ninaukamua hewa taratibu bila kuuponda, ninausokota mdomo na kuukunjia chini ya mkate, kisha ninauweka ndani ya deli lenye mfuniko, mahali penye kivuli, mbali na jiko na dirisha la magharibi. Wengine wanaweka deli juu ya friji kwa kuwa pana nafasi, lakini friji nyingi hutoa joto kwa nyuma na kwa juu, na joto pamoja na unyevu uliofungiwa ndicho kitanda cha ukungu. Mkate usiokatwa, kama boflo au ule wa kuoka nyumbani wenye ganda gumu, ninaufunga kwa kitambaa safi cha pamba kwanza, kwa sababu ukiingia moja kwa moja kwenye nailoni ganda linanyonya unyevu wa ndani na kuwa kama ngozi. Wakati wa kuukata sianzii kwenye ncha. Ninaukata katikati, ninatoa vipande ninavyohitaji, kisha ninasukuma nusu mbili zikutane uso kwa uso, ili sehemu laini isibaki wazi.

Kwa nyumba yetu ya watu watano, mkate mmoja unaisha ndani ya siku mbili. Ninachojua hakitaliwa ndani ya muda huo kinaingia kwenye friza siku ile ile kilichonunuliwa, kikiwa bado laini, kwa sababu friza haiufufui mkate uliokwisha kukakamaa, bali inausimamisha ulipofikia. Ninagawa slesi nne nne, ninazifunga zibanane, hewa ikiwa kidogo kadiri inavyowezekana. Zinakaa vizuri hadi miezi mitatu hivi, baada ya hapo zinaanza kuokota harufu ya samaki. Asubuhi sisubiri ziyeyuke: zinaingia kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika moja nikiwa nimefunika na nyingine nikiwa nimefunua, kisha ninageuza.

Mkate uliokwisha kukakamaa, lakini hauna ukungu, unaweza kuurudisha. Unyunyizie maji kidogo kwa vidole, uuweke ndani ya sufuria yenye mfuniko juu ya moto hafifu kwa dakika chache, na ule papo hapo, kwa sababu ukipoa unakakamaa upya kwa haraka kuliko mwanzo.

Wenye ukungu ni wa kutupa wote, na usiunuse. Doa unaloliona juu ni sehemu ya kuvu tu. Nyuzi zake zimekwisha kupenya ndani ya mkate ulio laini, na slesi za jirani zimekwisha kupokea mbegu zake. Baadhi ya kuvu hutengeneza sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Sisi wa mkoa huu tuna sababu ya kulichukulia jambo hilo kwa uzito, kwa maana mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sisemi kwamba slesi yenye doa ni sawa na gunia lile la mahindi. Ninasema tu kwamba mkate hauna bei ya kunifanya nikwangue na kula.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu tofauti wanirekebishe.

---

Mchangiaji kutoka Ipagala

Mkuu, nimekusoma vizuri, ila kichwa cha uzi wako ni kikali mno. Mimi ninaishi peke yangu, mkate mmoja unanichukua wiki nzima, na friji yangu ni ile fupi isiyo na friza ya maana. Februari mwaka jana nilijaribu kuacha mkate nje kwa siku tano, nikautupa wote. Kwenye friji walau ninaukuta mzima. Unanishauri nikubali ukungu kwa ajili ya ulaini?

Mwanzisha uzi

Hapana, mkuu, na hoja yako ni ya haki. Friji inakawiza ukungu, hilo sikatai, na mtu anayekula mkate mmoja kwa wiki wakati wa mvua, bila friza, afadhali autumie ubaridi huo na akubali gharama yake. Gharama yenyewe inapungua sana ukiamua kwamba mkate wa kwenye friji hauliwi baridi. Upitishe kwenye kikaango, wanga unalegea, na hutajua ulilala wapi. Ninachopinga ni mazoea ya kuuingiza mkate kwenye friji mwezi wa saba, hewa ikiwa kavu na mkate wenyewe ukiwa wa kuisha kesho.

Mchangiaji kutoka Chang'ombe, mwokaji wa nyumbani

Mimi ni mama ninayeoka boflo na skonzi kwa ajili ya maduka ya mtaani, na ninaomba niongeze yale ambayo mwanzisha uzi hakuyagusa, kwa sababu nusu ya mikate inayoharibika majumbani huwa imeharibiwa ndani ya saa mbili za kwanza.

Wateja wanapenda mkate wa moto. Anaupokea ukiwa bado unatoa mvuke, anaufunga kwenye nailoni, anafika nao nyumbani na kuuweka kabatini hivyo hivyo. Ule mvuke unageuka matone ndani ya mfuko, matone yanarudi juu ya ganda, na kesho kutwa ananiletea mkate wenye ukungu akisema unga wangu ni wa zamani. Mkate wa moto unatakiwa upoe kwanza juu ya waya au ungo, hewa ipite chini na juu, mpaka ukiugusa kwa chini usisikie joto hata kidogo. Mkate mkubwa unachukua saa mbili na zaidi. Kiangazi ufunike kwa kitambaa chepesi, kwa sababu upepo wetu unakuja na vumbi lake.

La pili ni ugonjwa wa mkate ambao wengi hawaujui kwa kuwa hauonekani kwa nje. Oktoba na Novemba, joto linapokuwa kali kabla ya mvua, mkate wa nyumbani unaweza kutoa harufu tamu kama ya nanasi lililoiva kupita kiasi. Ukiukata, ndani ni rangi ya kahawia kidogo na unanata, na ukivuta vipande viwili vinatoa nyuzi nyembamba kama mlenda. Huo si ukungu. Ni bakteria ambao mbegu zao hutoka kwenye unga, zinavumilia joto la tanuri, kisha zinaamka mkate ukikaa kwenye joto. Utupe, na ufute meza, kisu na chombo cha kuhifadhia kwa siki, vinginevyo mkate unaofuata utaambukizwa. Mimi msimu huo ninatia siki kidogo kwenye kinyunga, kwa kuwa bakteria hao hawapendi uchachu, na mlaji haisikii.

Mkate wa kiwandani hauugui ugonjwa huo mara nyingi kwa sababu viwanda vingi hutia kalsiamu propioneti. Soma kwenye mfuko, utaona imeandikwa kwa jina hilo au kwa namba 282. Inazuia ukungu na hao bakteria pia, lakini haizuii kukakamaa. Kwa hiyo msilinganishe mkate wangu na ule wa kiwandani kwa siku za kukaa. Wangu ni wa siku mbili, na ninawaambia wateja hivyo.

Mwanzisha uzi

Mama, nakushukuru sana. Hilo la harufu ya nanasi limenikumbusha mkate tuliowahi kuutupa mwaka juzi, ambao mke wangu alidhani umekaa jirani na matunda. Ninaongeza kwenye maelezo yangu: mkate usiingie kwenye deli kabla haujapoa kabisa, na deli lioshwe kila mkate unapokwisha. Makombo ya zamani yanayobaki kwenye pembe za deli ndiyo yanayohifadhi mbegu za ukungu kwa ajili ya mkate mpya, na nakiri nilikuwa ninayakung'uta tu.

Mchangiaji kutoka Ng'ong'ona

Mimi ni mwanafunzi, ninaishi geto la chumba kimoja chini ya bati lisilo na dari. Saa nane mchana humo ndani hapakaliki. Sina friji, sina deli, nina ndoo mbili na sanduku la nguo. Mkate ninaununua Jumapili.

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, ndoo moja yenye mfuniko unaobana inatosha, ilimradi iwe kavu na haijawahi kuwekewa sabuni ya unga, kwa kuwa mkate unaokota harufu upesi. Iweke sakafuni, kwenye pembe isiyopigwa na jua, kwa sababu joto la bati linakaa juu na saruji inabaki na ubaridi wa usiku. Ila tiba ya kweli kwako ni kiasi. Nunua mkate mdogo mara mbili kwa wiki, au mgawane mkubwa na jirani wa chumba cha pili siku ile ile mnayoununua. Wakati wa kiangazi unaweza pia kufanya walichofanya wazee wengi: kausha slesi zilizobaki makusudi, juu ya moto mdogo mpaka zivunjike kwa mlio, zihifadhi zikiwa zimepoa kwenye chombo kinachobana, uzichovye kwenye chai. Mkate ukiwa mkavu kabisa ukungu hauna maji ya kunywa, na hapa Dodoma hewa inakusaidia bure.

Mchangiaji kutoka Kondoa

Kwetu tatizo si ukungu wala wanga, ni sisimizi na panya. Deli la plastiki panya analitoboa usiku mmoja akiamua. Sisi tunatumia debe la bati lenye mfuniko, na kwa sisimizi meza ya vyakula inasimama kwenye makopo manne yenye maji. Maji yabadilishwe kila siku mbili, yasije yakazaa mbu.

Mchangiaji kutoka Bahi

Nimesoma uzi wote nikicheka, maana mimi nimekulia kwenye ugali wa uwele na mlenda, ambao haukuwahi kulala mpaka ukakakamaa, kwa kuwa tulikuwa tisa. Lakini swali langu ni la kweli: chapati na maandazi nazo zinafuata kanuni hiyo hiyo?

Mwanzisha uzi

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, kwa kuwa zote ni ngano. Mafuta yaliyomo yanazifanya zibaki laini kwa muda mrefu kuliko boflo, na ubaridi wa friji unazikakamaza vilevile. Chapati zikitoka jikoni zisirundikwe zikiwa za moto ndani ya hotpoti bila kitambaa, kwa sababu mvuke unazilowesha za chini. Za akiba zipoe, ziwekewe karatasi ya nailoni kati ya moja na nyingine, ziingie friza. Maandazi yanakaa vizuri usiku mmoja kwenye chombo kilichofunikwa, na ya siku ya pili ni ya kupasha.

Mchangiaji kutoka Nkuhungu

Umeme ukikatika siku nzima, hiyo friza yako inakuwaje?

Mwanzisha uzi

Friza iliyojaa, ikiwa haifunguliwi, inashikilia ubaridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu karibu saa 24, kwa hiyo kukatika kwa nusu siku si jambo la kuhangaisha. Kwa ajili hiyo ninajaza nafasi tupu kwa chupa za maji yaliyoganda. Mkate ukiyeyuka hauna hatari ya nyama. Unautoa, unaufuta unyevu wa nje ya mfuko, na unaula ndani ya siku mbili. Nisingeurudisha kugandisha mara ya pili, si kwa hofu ya kuumwa, ila kwa sababu maji yaliyohama ndani yake yanaufanya uwe na sehemu kavu na sehemu zenye utelezi.

Leo nimeosha deli kwa maji ya moto, nikalifuta kwa siki kama alivyoelekeza mama wa Chang'ombe, na limeanikwa juani uani. Mkate wa jioni uko juu ya ungo, bado una joto kwa chini.